Jikoni na Watoto Msimu wa Kaskazi: Mwongozo wa Vitafunio vya Likizo

Likizo ndefu ya shule katika pwani ya Afrika Mashariki hukutana na mwanzo wa kaskazi, yaani kipindi cha Desemba hadi Machi ambapo pepo huvuma kutoka kaskazini-mashariki, jua huwa kali, na joto la mchana katika miji kama Dar es Salaam, Tanga na Mombasa hupita nyuzi 30 za Selsiasi karibu kila siku. Wazazi wengi huuhesabu msimu huo kuwa haufai kwa shughuli za jikoni, wakisema kuwa hakuna haja ya kuukaribia moto wakati nje kwenyewe kunaunguza. Hata hivyo, msimu huo ukichunguzwa vizuri, ndio unaofaa kuliko yote kumwingiza mtoto jikoni, kwa kuwa ndio msimu wa maembe, jua lake hukausha vyakula bila kuni wala mkaa, joto lake huumua unga kwa muda mfupi, na barafu, ambayo miezi ya kipupwe haina mvuto mkubwa, huwa kitu cha kugombewa.

Mwongozo huu unasimama juu ya kanuni moja, nayo ni kwamba mtoto apewe kazi nzima, si kipande cha kazi. Kazi nzima, kwa maana inayokusudiwa hapa, ni ile ambayo mtoto anaianza mwenyewe, anaona kwa macho yake namna kitu kinavyogeuka kutoka hali moja kwenda nyingine, kisha anaimaliza na kuipakua, hata kama kazi yenyewe ni ndogo. Mtoto anayeambiwa alete chumvi, ashike sahani na asogee pembeni hajapika, ametumwa. Kinyume chake, mtoto wa miaka mitano aliyeosha embe bichi, akalitia chumvi na pilipili kwa kipimo chake na kuliandalia wageni kwenye sinia, amepika, ijapokuwa hakuna moto uliowashwa.

Kabla ya kuwasha jiko

Saa zinazofaa ni za asubuhi, baina ya saa mbili na saa nne, au baada ya alasiri jua linapolegea, kwa sababu mtoto aliyechoshwa na joto hukosa subira, na vitafunio vingi vilivyoelezwa hapa vinadai subira zaidi ya ustadi.

Katika nyumba nyingi jiko la mkaa huwekwa chini, kwa kimo ambacho mdomo wa sufuria huwa sawa na kifua cha mtoto aliyechuchumaa. Kwa hiyo jiko liwekwe pembeni ya ua mahali penye hewa, kwani mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu ambayo huua. Kisha uchorwe mstari wa chaki kulizunguka, umbali wa mita moja, ambao mtoto hauvuki ila kwa kuitwa. Mstari unaoonekana hutiiwa zaidi kuliko onyo linalorudiwa. Ikitokea mtoto akaungua, sehemu iliyoungua imiminiwe maji safi ya baridi ya kawaida kwa dakika 20 mfululizo, bila kupaka dawa ya meno, mafuta, unga wala asali, vitu ambavyo bado vinapakwa katika nyumba nyingi na ambavyo havipozi kidonda bali hukichafua. Kidonda kikubwa, au kilichopo usoni au mikononi, kipelekwe hospitali.

Maji ya kutengenezea barafu na vinywaji yachemshwe na kupozwa, kwa sababu kuganda hakuui vijidudu. Kunavilaza tu hadi barafu iyeyuke mdomoni. Chakula chenye tui au maziwa kisikae nje zaidi ya saa mbili, na katika joto linalozidi nyuzi 32, ambalo ni la kawaida wakati wa kaskazi, muda huo upunguzwe kuwa saa moja. Mikono ioshwe kwa sabuni kwa sekunde 20 kabla ya kazi, na ioshwe tena kila mtoto anapotoka kumkamata paka.

Kuhusu visu, mtoto wa miaka minne au mitano anaweza kukata ndizi mbivu kwa kisu cha kupakia siagi, na kuanzia miaka minane hivi anaweza kupewa kisu kidogo chenye makali, akiwa ameketi na ubao wa kukatia ukiwa umetulia mbele yake. Kisu butu kisidhaniwe kuwa salama, kwa maana hudai nguvu nyingi, na nguvu nyingi ndiyo inayokifanya kiteleze. Mwisho, karanga nzima, bisi na mbegu za ubuyu zisipewe watoto walio chini ya miaka minne, kwa kuwa ni rahisi kuwapalia na kuziba njia ya hewa.

Embe, chumvi na jua

Somo la kwanza halihitaji moto. Embe bichi, liwe dodo, boribo au ngowe, huoshwa vizuri ili kuondoa utomvu wa kikonyo, ambao huwasha ngozi na kuacha vidonda pembeni mwa midomo ya watoto wasiosubiri. Likishamenywa hukatwa vipande virefu, kisha watoto wagawane vipande hivyo katika vibakuli vitatu: cha kwanza kisitiwe kitu, cha pili kitiwe chumvi, na cha tatu kitiwe chumvi na sukari. Baada ya robo saa, vibakuli vyenye chumvi na sukari vitakuwa vimejaa maji chini, hali kile cha kwanza kikiwa kikavu. Hapo mzazi ana nafasi ya kueleza osmosisi, yaani tabia ya maji kuhama kutoka penye chumvi au sukari kidogo kwenda penye nyingi kwa kupita katika utando mwembamba wa chembe hai, na mtoto ataelewa vilevile kwa nini nyama na samaki waliotiwa chumvi hawaozi upesi: vijidudu navyo hunyang'anywa maji.

Vipande vya chumvi vinaweza kuliwa palepale kwa pilipili ya unga, au vikaendelea na safari kuwa achari. Kwa achari, vipande hukamuliwa maji yake, hutandazwa kwenye ungo na kuanikwa juani kwa siku mbili au tatu, vikiwa vimefunikwa kwa kipande cha chandarua safi ili nzi wasitue. Mtoto apewe jukumu la ungo huo peke yake, yaani autoe asubuhi, avigeuze vipande adhuhuri na auingize jua linapokuchwa kabla ya umande. Hii ni kazi nzima kwa maana iliyotajwa hapo juu, na mtoto mwenye umri wa miaka sita anaiweza bila msaada. Kuchanganya vipande vilivyokauka na siki, pilipili, kitunguu saumu, bizari na mafuta yaliyochemshwa na kupozwa kunaweza kuachiwa mkubwa, kwa kuwa viganja vya watoto na pilipili mbichi havipatani.

Nazi, kuanzia mtini hadi machicha

Hakuna kitu katika jiko la pwani chenye mafunzo mengi kama nazi, na kwa sababu hiyo inafaa asubuhi nzima ipewe nazi peke yake. Tunda hili hupita hatua zinazojulikana kwa majina: kidaka likiwa dogo kabisa, kitale maji yakianza kujaa lakini bila nyama, dafu maji yakiwa matamu na nyama ikiwa laini ya kuchotwa kwa kijiko, koroma nyama ikianza kukomaa, na mwisho nazi yenyewe. Mzazi akipata dafu, koroma na nazi siku moja sokoni, watoto waonje maji na nyama ya kila moja na waeleze tofauti. Pengine ikapatikana nazi iliyoanza kuota, ambayo ndani yake mna joya, kitu laini mfano wa sifongo ambacho mche hukitumia kunyonya chakula kilichohifadhiwa katika nyama. Utamu wake unatokana na chakula hicho kinapovunjwavunjwa kuwa sukari.

Kuvunja nazi ni kazi ya mkubwa. Kukuna kwa mbuzi, kile kiti cha mbao chenye ulimi wa chuma wenye meno, kunamfaa mtoto wa miaka tisa au kumi na kuendelea, mradi afundishwe kukishika kifuu kwa mikono miwili, kukizungusha kidogo kidogo, na kuacha mara anapoona rangi ya kahawia, kwa sababu kukuna hadi ngozi hulifanya tui liwe na weusi na uchungu kidogo. Walio wadogo zaidi wapewe kukamua. Nazi iliyokunwa hutiwa maji ya vuguvugu kiasi cha kikombe kimoja, ikafinyangwa kwa dakika tano, kisha ikakamuliwa kwa kifumbu au chujio hadi litoke tui zito. Maji yakitiwa mara ya pili hutoka tui jepesi. Matui yote mawili yamiminwe katika bilauri na kuachwa yatulie. Baada ya muda, hasa yakiwekwa kwenye jokofu, mafuta yatapanda juu na maji kubaki chini, na mtoto ataona kwa macho kuwa tui ni mafuta yaliyotawanyika ndani ya maji kwa vitone vidogo mno, mchanganyiko ambao wanasayansi huuita emalsheni. Kwa sababu hiyohiyo tui linalochemshwa kwa moto mkali bila kukorogwa hukatika: vitone hugongana, huungana na kujitenga na maji.

Machicha, yaani mabaki ya nazi iliyokamuliwa, yasitupwe. Yakikaushwa kwenye kikaango kwa moto mdogo pamoja na sukari kidogo na hiliki huwa kitu kizuri cha kunyunyizia juu ya ndizi mbivu, ingawa kuku wa jirani wangeyataka kama yalivyo. Vifuu navyo vioshwe, visuguliwe na kuwekwa, kwani vitahitajika kwa barafu.

Sukari inapopikwa

Sukari iliyoyeyushwa ndicho kitu cha hatari kuliko vyote vinavyotajwa katika mwongozo huu. Maji yanayochemka hayazidi nyuzi 100, lakini shira, yaani maji yaliyopikwa na sukari hadi yakawa mazito, hupanda hadi nyuzi 115 na zaidi, na ikimwagikia ngozi hung'ang'ania mahali pamoja badala ya kuchuruzika. Kwa hiyo mkubwa ndiye anayeshika mwiko shira ikiwa jikoni, na mtoto hubaki nje ya mstari wa chaki akiwa na kazi isiyo ndogo: yeye ndiye mwenye bakuli la maji baridi. Kila baada ya dakika mbili mkubwa humdondoshea tone la shira ndani ya bakuli hilo, na mtoto hulipapasa na kutangaza hali yake. Mwanzoni tone hupotea majini, baadaye hukusanyika kuwa kijidonge laini cha kubonyea, na hiyo ni dalili kwamba shira imefika karibu na nyuzi 115. Ikiendelea kupikwa hadi nyuzi 150 hivi, tone hukauka mara moja na kuvunjika kama kioo. Njia hii ya tone na maji hutosha bila kipimajoto.

Kashata za nazi husimama kwenye hatua ya kijidonge laini. Kwa vikombe 2 vya nazi iliyokunwa hupimwa kikombe 1 cha sukari, nusu kikombe cha maji na nusu kijiko cha chai cha hiliki iliyotwangwa. Shira ikifikia hatua hiyo nazi hutiwa, na mchanganyiko hukorogwa bila kupumzika hadi uanze kujitenga na kingo za sufuria, kisha hutandazwa kwenye sinia lililopakwa mafuta, kwa unene wa kidole. Kukoroga huku kuna sababu yake: sukari inayosumbuliwa wakati inapoa hurudi kuwa fuwele ndogo ndogo, na fuwele hizo ndizo zinazoishika nazi pamoja na kuipa kashata ule ukavu unaomumunyika. Mtoto hukabidhiwa sinia pale linapoweza kushikwa kwa mkono bila kuunguza, naye hukata kwa kisu alichokipaka mafuta. Akisubiri hadi ipoe kabisa, kashata itavunjika ovyo, na si vibaya likitokea hilo mara moja ili ajue kwa nini anahimizwa.

Kashata za karanga hupikwa kwa namna nyingine, kwani wengi huiacha sukari ipite hatua zote hizo hadi igeuke rangi ya kahawia. Zikitoka hung'aa kama kioo, lakini katika unyevu wa pwani hunata baada ya saa chache zisipofungiwa kwenye kopo. Jambo lisilopaswa kupitwa upesi hapa ni uchaguzi wa karanga. Watoto wakae na ungo na kuondoa kila punje iliyonyauka, iliyobadilika rangi au yenye ukungu, kwa sababu ukungu wa aina fulani hutoa aflatoksini, sumu inayodhuru ini na isiyoondolewa kwa kukaanga wala kuchemsha. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, mahindi yaliyokuwa na sumu hiyo yaliua watu 125. Kupeta na kuchagua, kazi ambayo mtoto anaweza kuiona kuwa ya kumpotezea muda, ndiyo yenye uzito mkubwa kuliko zote katika kitafunio hiki. Wale wanaoishi Mtwara na Lindi, ambako msimu wa korosho hukaribiana na likizo, wanaweza kutumia korosho badala ya karanga, mradi ziwe zimekwisha kubanguliwa, kwa kuwa ganda la korosho mbichi lina mafuta yanayochubua ngozi na moshi wake huumiza macho. Kuchoma korosho za maganda si mchezo wa watoto.

Mabuyu hufuata kanuni ileile ya shira. Punje za ubuyu, zikiwa bado zimevaa unga wake mweupe wa uchachu, vikombe 4, hutiwa katika shira ya vikombe 1½ vya sukari na kikombe 1 cha maji, iliyopikwa hadi ivute uzi baina ya vijiko viwili, pamoja na hiliki, chembe ya chumvi na pilipili kwa wanaoiweza. Hugeuzwa juu ya moto mdogo hadi kila punje ivikwe na kuanza kukauka, na mtoto akamalizia kwa kuzinyunyizia unga wa ubuyu zikiwa kwenye sinia ili zisishikane. Wauzaji wengi hutumia rangi nyekundu ya dukani, ile inayobaki kwenye ulimi hadi jioni. Nyumbani maji ya shira yanaweza kubadilishwa kwa maji mazito ya rosela, ambayo hutoa wekundu wa kutosha na uchachu wa ziada, na ni vigumu kuona sababu ya kurudi kwenye rangi ya pakiti baada ya hapo.

Kipimo cha kula nacho kifahamike. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa, pamoja na ile ya asali na ya juisi, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na kwa mtoto anayehitaji kalori 1,500 kiasi hicho ni kama gramu 37. Sinia la kashata lililotajwa juu lina takriban gramu 200 za sukari, hivyo likikatwa vipande 20 kila kipande kina gramu 10. Mtoto wa darasa la tatu anaweza kuifanya hesabu hiyo mwenyewe, na mara nyingi atadai vipande vikatwe vikubwa zaidi ili ahesabiwe kidogo.

Hamira ipewe nafasi ya kujieleza

Kabla ya kupika vitumbua au mahamri, inafaa mtoto aijue hamira kuwa ni kiumbe hai, kuvu wadogo wasioonekana kwa macho ambao hula sukari na kutoa gesi ya kaboni dioksidi. Chupa tatu ndogo hutiwa kila moja kijiko cha sukari na nusu kijiko cha hamira; ya kwanza huongezwa maji ya barafu, ya pili maji ya vuguvugu, na ya tatu, kwa mkono wa mkubwa, maji yaliyotoka kuchemka. Kila mdomo wa chupa huvalishwa puto. Katika joto la kaskazi, puto la chupa ya pili huanza kusimama kabla ya nusu saa kwisha, la kwanza hujivuta polepole, na la tatu hulala moja kwa moja, kwa kuwa hamira hufa katika joto linalopita nyuzi 60. Mtoto aliyeliona hilo hatahitaji kukumbushwa kwamba tui la kuumulia lisiwe la moto.

Vitumbua huanza jana yake, kwa kuroweka vikombe 2 vya mchele usiku kucha. Asubuhi mchele husagwa pamoja na kikombe 1 hivi cha tui zito, robo tatu ya kikombe cha sukari, kijiko 1 cha chai cha hamira na hiliki, hadi uwe uji mzito unaomiminika taratibu. Mtoto aweke alama kwa kalamu nje ya bakuli pale uji ulipofikia, na aitazame kila baada ya robo saa. Wakati wa kusi, upepo wa baridi wa katikati ya mwaka, uji huo ungehitaji saa mbili au zaidi; wakati wa kaskazi saa moja hutosha, na ukisahaulika huchacha. Kumimina kwenye chuma cha vitumbua, kile kikaango chenye vishimo, na kugeuza kwa kijiti kunaweza kufundishwa kwa mtoto wa miaka kumi aliyesimama mbele ya jiko la mezani, kwa kuwa mafuta yanayotumika ni kijiko kidogo tu kwa kila kishimo. Mahamri, yanayozama katika karai la mafuta, yaachwe kwa mkubwa. Watoto wabaki na kusukuma na kukata.

Bisi zinahitaji maelezo machache. Punje ya mahindi ya bisi ina maji kiasi cha asilimia 14 ndani ya ganda gumu, na ikipata joto la nyuzi 180 hivi maji hayo huwa mvuke unaolipasua ganda na kuufurisha wanga. Ikiwa punje nyingi zinabaki bila kupasuka, huenda zimekauka mno: zitiwe kwenye chupa na kijiko cha maji, zitikiswe kila siku, na zijaribiwe tena baada ya siku tatu.

Rosela, barafu na malai

Rosela, ambayo sehemu nyingine huitwa choya, hutoa kinywaji na jaribio kwa wakati mmoja. Maua yake makavu, kiasi cha mkono mmoja, huchemshwa kwa lita moja ya maji, huchujwa na kupozwa, kisha maji hayo hugawanywa katika bilauri tatu. Ya kwanza ikitiwa ndimu, wekundu hung'aa zaidi. Ya pili huachwa ilivyo. Ya tatu ikitiwa chembe ya magadi, ile chumvi ya mawe ya Ziwa Magadi na Ziwa Natron inayolainishia maharage, rangi hugeuka zambarau na hata kuelekea buluu au kijani. Kinachobadilika ni anthosianini, rangi ya mimea inayoonyesha kama kitu kina asidi au kina hali ya magadi. Bilauri ya tatu humwagwa, haina ladha ya kumfaa mtu.

Barafu za kuramba hutengenezwa kwa rosela, ubuyu, ukwaju au embe lililosagwa. Unga wa ubuyu ulowekwe katika maji yaliyokwisha kupoa na usichemshwe, kwani una vitamini C nyingi, nayo huharibiwa na moto. Ukwaju ulowekwe katika chombo cha kioo, udongo au chuma kisichoshika kutu, kwa sababu asidi yake hula sufuria ya alumini. Mchanganyiko uwe mtamu kidogo kuliko kinywaji cha kawaida, maana baridi hupunguza uwezo wa ulimi kuonja utamu. Ila sukari ikizidi sana barafu haitaganda vizuri, kwa kuwa sukari hushusha kiwango cha joto ambacho maji hugandia. Badala ya vifuko vya plastiki, vikombe vidogo vya chuma na vile vifuu vilivyowekwa akiba hufaa, kifuu kikikalishwa juu ya kikombe ili kisipinduke na kijiti kikasimamishwa kati mara barafu inapoanza kushika. Visijazwe hadi juu, kwani maji yakiganda huongezeka ukubwa kwa karibu asilimia 9, na kwa sababu hiyo chupa ya kioo isitumike kabisa. Watoto wanaopenda mapambo watie rosela kwanza, wasubiri igande, ndipo waongeze embe, kisha ubuyu, na kila tabaka likipewa saa moja na nusu hivi.

Kwa nyumba isiyo na friza bado upo uwezekano wa kutengeneza aiskrimu, ambayo Unguja wengi huiita malai. Maziwa yaliyochemshwa na kupozwa, kikombe 1, huchanganywa na nusu kikombe cha tui zito, vijiko 3 vya mezani vya sukari na hiliki, yakatiwa katika kopo la chuma lenye kifuniko kinachobana. Kopo hilo husimamishwa katikati ya ndoo, na pembeni yake hupangwa barafu iliyopondwa na chumvi ya mawe kwa zamu, sehemu tatu za barafu kwa moja ya chumvi. Barafu kwa ajili ya ndoo inaweza kununuliwa mahali popote inapouzwa kwa wavuvi, kama kwenye soko la samaki la Feri jijini Dar es Salaam, kwa kuwa haigusani na chakula. Barafu hiyohiyo isitiwe kamwe katika kinywaji. Chumvi huilazimisha barafu kuyeyuka ikiwa chini ya sifuri, na ili iyeyuke hulinyang'anya kopo joto lake, kiasi kwamba maji ya ndani ya ndoo yanaweza kushuka chini ya nyuzi 10 za baridi, hali ambayo barafu tupu haiwezi kuifikia. Kwa sababu hiyo watoto wasitie mikono ndani ya ndoo: walizungushe kopo kwa kupokezana huku kifuniko kikiwa kimefungwa kitambaa kizito, kulia na kushoto, kwa muda wa nusu saa. Kila baada ya dakika kumi kopo lifutwe chumvi juu, lifunguliwe, na kilichoganda ukutani kikwanguliwe kwa mwiko na kurudishwa kati, kwani kukwangua huko ndiko kunakozuia fuwele kubwa na kuifanya malai iwe laini. Iliwe papo hapo kwa vijiko, kabla haijayeyuka, na maji ya chumvi yaliyobaki katika ndoo yamwagwe kwenye mfereji, si kwenye shina la mpapai.